Siku moja ya baridi, kuanzia giza la asubuhi hadi jua kuzama

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Leo sina kazi. Nje theluji imefika vifundoni, kipimajoto kilichoning'inia nje ya dirisha kinaonyesha nyuzi 12 chini ya sifuri, nami nimekaa na kidaftari. Nitakuwa naingia hapa kila nikiona kitu. Sileti habari kubwa, naleta vile vidogo ambavyo mtu mwenye haraka anavipita bila kuviona. Januari ndiyo kwanza imeanza, na mimi majira haya nimeyachukia miaka mingi mno kiasi kwamba nadhani yananidai siku moja ya kuyatazama vizuri.

Nianze na saa, maana ndiyo iliyonisumbua kuliko baridi yenyewe. Saa yetu ya Kiswahili imefungwa kwenye jua. Saa kumi na mbili kunakucha, saa moja watu wako njiani, saa sita jua la utosi, saa kumi na mbili jioni linazama. Leo nimeamka saa kumi na mbili, nikavuta pazia, nje giza totoro na taa za barabarani zinawaka. Jua limechomoza saa mbili na dakika tano. Ukisema "asubuhi" mdomo unakubali, macho yanakataa.

Mwaka wangu wa kwanza huku kaskazini jambo hilo lilinitesa. Natoka gizani, narudi gizani, na mchana wote nimo ndani ya jengo. Nilikuwa nalala mapazia yakiwa yamefungwa hata siku za mapumziko, kwa kuwa niliona hakuna cha kutazama. Kilichonitoa huko ni kidaftari hiki. Kila siku naandika jua limechomoza saa ngapi na limezama saa ngapi. Mistari miwili tu. Baada ya wiki mbili nikajikuta nasubiri jioni ifike niandike.

Mchangiaji

Tupo mkuu, endelea. Ila nisaidie kitu kimoja. Nilisoma kwamba mwezi huu wa kwanza ndio Dunia inakuwa karibu na Jua kuliko miezi yote. Sasa baridi inatoka wapi?

Mleta uzi

Ulichosoma ni sahihi, na hata mimi kilinichanganya. Siku hizi za mwanzo wa Januari Dunia iko umbali wa kilomita milioni 147 hivi kutoka kwenye Jua. Mwanzoni mwa Julai itakuwa mbali zaidi, kama kilomita milioni 152. Umbali hauna kazi kubwa hapo. Kazi iko kwenye mlalo: Dunia imeinama nyuzi 23.4, na sasa hivi upande wa kaskazini umeinamia mbali na Jua. Miale inafika ikiwa imelala, inatandazwa kwenye eneo kubwa, tena kwa saa chache. Chukua tochi uimulike sakafu kutoka juu, halafu uilaze pembeni. Balbu ni ileile, ila doa la mwanga linarefuka na kufifia.

Na kuna kitu nimekigundua kwenye kidaftari kabla sijakisoma popote. Siku fupi kuliko zote huku kaskazini ni Desemba 21 au 22, kila mtu anaijua. Lakini jioni zilikuwa zimeshaanza kusogea kabla ya hapo, na asubuhi zikaendelea kuchelewa hata baada ya tarehe hiyo. Nilidhani nimekosea kuandika. Kumbe ndivyo ilivyo. Kwenye latitudo ya nyuzi 40 kaskazini, jua huwahi kuzama kuliko siku zote karibu na Desemba 7 au 8, na huchelewa kuchomoza kuliko siku zote karibu na Januari 4 au 5. Sababu ni kwamba saa ya ukutani inahesabu masaa 24 kamili, wakati mwishoni mwa Desemba jua lenyewe linachukua kama nusu dakika zaidi kurudi pale lilipokuwa jana yake. Nusu dakika kila siku, na saa sita ya jua inazidi kusogea mbele.

Kwa hiyo mtu anayengoja Desemba 21 ili aanze kupata nafuu, jioni zake zimeshaanza kurefuka yeye hana habari.

Mleta uzi

Saa tatu asubuhi. Nimetoka nje, nimerudi, vidole vinauma vikirudiwa na damu.

Kitu cha kwanza ni pumzi. Watoto huiita moshi. Hewa inatoka mapafuni ikiwa na joto la mwili na imesheheni mvuke. Ikigonga baridi, mvuke unageuka vitone vidogo sana, na hivyo ndivyo tunavyoviona. Lile ni wingu, sawa na yale ya juu. Nimesimama nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anaongea kwa simu, nikawa naona kila sentensi yake inavyotoka, ndefu na fupi, na pale anaponyamaza kusikiliza panabaki peupe.

Cha pili ni geti la nyumba jirani. Limetengenezwa kwa mbao na komeo lake ni la chuma. Vyote vimelala nje usiku mzima, vyote vina nyuzi 12 chini ya sifuri. Nimegusa mbao kwa kidole kitupu, nikavumilia. Nimegusa komeo, nikaruka. Chuma kinakunyang'anya joto haraka, mbao inalichukua polepole. Ngozi haisomi baridi ya kitu, inasoma kasi ya joto lako kuondoka. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi.

Cha tatu, shomoro. Alikuwa peke yake kwenye tawi lisilo na jani hata moja, amejivimbisha hadi shingo imepotea. Mguu mmoja ameuficha tumboni. Ndani ya kile kidude kinachoenea kiganjani kuna joto la nyuzi 40 hivi, nje ni nyuzi 12 chini ya sifuri. Tofauti ya zaidi ya nyuzi 50, na kinachozitenganisha ni unene wa kidole kimoja cha manyoya. Tena si manyoya yenyewe hasa. Ni hewa iliyonaswa katikati yake, ile isiyokwenda popote. Ndege anapojivimbisha anaongeza hewa hiyo.

Nasi tunajaribu hilohilo. Vinyweleo vinaposimama mwilini kwa baridi, mwili unataka kuvimbisha manyoya tusiyokuwa nayo tena. Ndiyo maana fulana mbili nyepesi zikivaliwa pamoja mara nyingi zinazidi moja nzito. Unavaa na hewa ya katikati.

Mchangiaji

Mimi ni dereva, niongezee la kwangu. Baridi ikiingia ghafla usiku, asubuhi taa ya upepo wa tairi inawaka kwenye dashibodi. Wengi wanakimbilia kudhani pancha. Hewa ikipoa inasinyaa: kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka, tairi inapoteza kama PSI 1, kile kipimo cha upepo wa tairi. Kutoka nyuzi 10 juu ya sifuri hadi 12 chini, hapo ni PSI 4 zimekwenda na hakuna tundu popote. Pima tairi likiwa limepoa, ujaze, uendelee na safari. Usilipuuze, tairi laini kwenye barafu ni hatari.

Mleta uzi

Ahsante sana mkuu. Hii naiingiza kwenye kidaftari.

Mchangiaji

Nami niseme kwa upande wa kusini mwa Dunia, maana tukiongea baridi watu wanataja Desemba tu. Kwangu baridi ni Juni hadi Agosti, siku fupi kabisa ni Juni 20 au 21, na sasa hivi ninavyowasoma nimefungua madirisha yote. Theluji siioni, naona sakitu. Asubuhi majani yamepauka kama yamemwagiwa unga, ukikanyaga yanalia. Jua likigusa tu, yanarudi kijani, isipokuwa pale kwenye kivuli cha ukuta. Kivuli kikisogea, mstari mweupe unasogea nacho. Huwa nachelewa kazini kwa sababu ya mstari huo.

Mleta uzi

Dada, hicho ndicho nilichofungulia uzi. Na neno "sakitu" umenifurahisha. Tunalo kabisa katika kamusi na hatulitumii, tunasema "barafu ya asubuhi", "umande ulioganda", tunazunguka. Lugha yetu ina neno, sisi ndio hatujalihitaji sana.

Mleta uzi

Saa tano. Imeanza kudondoka tena, taratibu, chembe mojamoja.

Kuna mzee jirani yangu ambaye majira yaliyopita alinionyesha namna ya kutazama theluji. Alininyooshea mkono wa koti lake jeusi, akaweka kidole mdomoni kunionyesha niache kupumua. Nilidhani anataka ninyamaze. Alikuwa anamaanisha pumzi yangu itaiyeyusha. Leo nimefanya vilevile. Koti jeusi, nimeliacha nje dakika kumi kwanza ili kitambaa kipoe, kisha nimenyoosha mkono na kuzuia pumzi.

Moja ikatua karibu na kifungo. Upana wake kama kichwa cha pini. Miiba sita, kila mwiba una vijiti vya pembeni kama mfupa wa samaki, na katikati kuna bamba dogo linalong'aa lenye pembe sita. Mwiba mmoja ulikuwa umevunjika ncha. Nimehesabu hadi kumi na nne hivi, ikazama ndani yake ikawa tone, tone likabaki kwenye uzi wa kitambaa.

Sita hiyo inatokana na namna molekuli za maji zinavyoshikana zikiganda: zinajipanga katika pembe sita, na kadiri chembe inavyokua, pembe zile zinachomoza mbele zaidi kwenye mvuke na kukua haraka kuliko sehemu nyingine. Mwanaastronomia Johannes Kepler aliuliza swali hilihili mwaka 1611, kwa nini sita na si tano wala saba, akalikaribia jibu bila kulifikia, maana habari za molekuli zilikuwa bado.

Anayenigusa zaidi ni Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, Marekani. Mwaka 1885 aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji, akiwa na umri wa miaka 19. Aliendelea hadi alipofariki mwaka 1931, na kufikia hapo alikuwa na picha zaidi ya 5,000. Kila moja ilimlazimu kusimama kwenye baridi na kuzuia pumzi kama nilivyofanya mimi. Mimi nimefanya mara moja na nimeona nimefanya kazi.

Kisha kuna Ukichiro Nakaya wa Japani, aliyetengeneza chembe ya theluji maabara mwaka 1936 huko Hokkaido. Alihangaika kupata kitu cha chembe kushikia ikue, alichofanikiwa nacho ni unywele wa sungura. Akaonyesha kwamba umbo linategemea joto na unyevu wa pale inapokulia. Karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri zinatoka sindano na nguzo, karibu na nyuzi 15 chini zinatoka nyota pana zenye matawi. Kwa hiyo ile iliyonitulia kwenye koti, na mfupa wake wa samaki, ilikuwa inanieleza hali ya juu mawinguni ilivyokuwa wakati inakua.

Mchangiaji

Swali kidogo. Kwa nini theluji mpya ikishuka dunia nzima inanyamaza? Mimi hufanya kazi za usiku, nikitoka alfajiri najua imeshuka kabla hata sijafungua mlango.

Mleta uzi

Ni hewa tena. Theluji mpya ni hewa tupu, sehemu tisa katika kumi au zaidi. Sauti inaingia kwenye vile vijitundu na hairudi. Ikikaa siku kadhaa, ikashindiliwa au ikafanya gamba la barafu juu, inaanza kurudisha sauti na mtaa unapata kelele zake.

Ukitoka alfajiri sikiliza na hatua zako. Baridi ya wastani, theluji inakubali mguu kimyakimya, inalainika chini ya soli. Ikishuka chini ya nyuzi 10 hasi hivi, inalia kwa mlio mkavu, kwa sababu chembe zinavunjika na kusuguana badala ya kulainika. Leo inalia. Kwa mlio peke yake unaweza kukadiria kipimajoto kinasema nini.

Mleta uzi

Saa sita mchana. Nimesimama katikati ya uwanja kutazama kivuli changu. Nimezoea kwamba saa sita kivuli unakikanyaga. Leo kimelala mbele yangu zaidi ya mara tatu ya urefu wangu. Walio kwenye latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, Desemba 21 jua lao la saa sita halipandi zaidi ya nyuzi 6.6 hivi, mtu wa mita 1.7 anatupa kivuli cha karibu mita 15.

Jua la namna hii linaingia machoni, ni kweli, na madereva wanalilalamikia. Lakini linaingia na ndani ya nyumba. Majira ya joto jua langu linaishia kwenye kingo ya dirisha. Leo limevuka chumba kizima likagusa ukuta wa mwisho, mahali ambapo kwa miezi mingine haligusi. Nimeona vumbi nisilojua kama lipo, na rangi halisi ya mgongo wa kiti. Nimekaa hapo nusu saa.

Mleta uzi

Saa nane. Hili ndilo nililotaka kulifanya tangu jana.

Pembeni ya jengo kuna ua wa vichaka ambapo upepo umerundika theluji hadi magotini. Nimechukua chepe, nikachimba shimo jembamba hadi kwenye udongo, nikaingiza kipimajoto pembeni, chini kabisa, nikafukia. Nimesubiri robo saa nikitembea huku na huku.

Juu ya theluji: nyuzi 10 chini ya sifuri. Chini, kwenye udongo: nyuzi 1 chini ya sifuri.

Nimerudia, maana sikuamini. Nyuzi 1 ileile. Kule chini kulikuwa na majani makavu yaliyolowa, na kichipukizi cha kijani kimelala ubavu, laini, hakijaganda. Nilikuwa nimeishi na fikra kwamba theluji ndiyo inayoua mimea. Kumbe imeifunika. Joto kidogo la ardhini linapanda, linakutana na hewa iliyonaswa kwenye theluji, halipati njia. Panya wadogo hupitisha majira yote ndani ya nafasi hiyo, katikati ya udongo na theluji, wana njia zao huko.

Shomoro, fulana mbili, theluji kwenye ua. Hata dirisha langu la sebuleni ni vioo viwili vyenye nafasi katikati. Kote ni hewa ileile, na yote inafanya kazi kwa sharti moja tu, kwamba itulie. Upepo ukiipeperusha, imekwisha, ndiyo sababu nyuzi 12 zenye upepo zinakata kuliko nyuzi 12 zilizotulia. Majira yale ya kwanza nilipigana na baridi kwa kukimbia: natembea haraka, nafunga haraka, nalala haraka. Leo nimesimama tuli robo saa kando ya ua nikisubiri kipimajoto, na sikumbuki kama nilihisi baridi.

Kile kichipukizi nimekifukia vizuri, nikashindilia kidogo, kisha nikakumbuka nikaacha. Kushindilia kunatoa hewa. Nimeongeza theluji laini juu.

Mchangiaji

Mkuu, nimekusoma kuanzia juu nikiwa kitandani na mapazia yamefungwa, kama ulivyokuwa wewe. Huu ni mwaka wangu wa kwanza. Nisikudanganye, bado naona giza tu.

Mleta uzi

Nakuelewa, na sitakuambia ni rahisi. Kuna wanaoshushwa na giza hili hadi wanaumwa kabisa, ni ugonjwa unaojulikana na una tiba, kwa hiyo ukiona wiki zinapita huinuki, mwone daktari bila kuona haya. Kwa leo fungua pazia upande jua liliko. Limebaki saa moja na ushee. Huna haja ya kutoka. Tuandikie hapa linagusa nini chumbani kwako.

Mchangiaji

Nimefungua. Linagusa kona ya begi langu la safari, nililoingia nalo. Sijalitoa vitu vyote mpaka leo.

Mleta uzi

Ahsante. Ukipata nguvu, toa kimoja.

Mleta uzi

Saa kumi kamili. Niko dirishani jikoni, dirisha la zamani lenye kioo kimoja. Pembe ya chini imeota sakitu kwa ndani, mvuke wa pumzi zangu na wa birika umegandia kwenye kioo. Inapanda kama majani ya mmea wa porini, jani juu ya jani, na inafuata mkwaruzo mmoja wa zamani kwenye kioo kama ngazi.

Yule shomoro amerudi kwenye tawi lake, safari hii na wenzake watatu. Wamesogeleana hadi huwezi kusema huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi.

Theluji imegeuka samawati. Nyumba ya mbele taa ya ghorofa ya pili imewaka. Jua limegusa paa, limebaki kama ukucha, limezama.

Saa kumi na dakika sita. Jana ilikuwa saa kumi na dakika tano.